Nanomita ipimwe darasani kwa sinia la maji

Mhariri,

Wanafunzi wa sekondari hukariri kwamba nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita, kisha somo linaishia hapo. Shule isisubiri hadubini ya mamilioni.

Weka mililita 1 ya asidi ya oleiki (asidi ya mafuta, kama iliyomo kwenye mafuta ya zeituni) kwenye silinda, ongeza spiriti hadi ifike 20. Chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo, ongeza tena spiriti hadi 20. Sasa asidi ni sehemu 1 katika 400. Jaza maji sinia la upana wa sentimita 40, nyunyiza poda ya talki kidogo sana, dondosha tone moja katikati. Spiriti hutoweka, asidi hutandaa na kuisukuma poda pembeni. Matone 50 yakitimiza mililita 1, tone hilo lina mililita 0.00005 za asidi. Duara linalobaki wazi katikati ya poda, likiwa na kipenyo cha sentimita 18, lina eneo la sentimita za mraba 254. Gawanya ujazo wa asidi kwa eneo hilo: unene wa utando ni nanomita 2 hivi, takriban urefu wa molekuli moja!

Linaloharibu zaidi ni uchafu. Mabaki ya sabuni au mafuta ya vidole hutangulia kutanda, duara halifunguki. Poda nyingi hulizuia. Chupa ikiachwa wazi, spiriti hupungua na hesabu hupotoka. Mafuta ya kupikia hayafai, hayayeyuki vizuri kwenye spiriti. Moto uwe mbali kabisa.

Tunaomba Taasisi ya Elimu Tanzania iliingize zoezi hili kwenye miongozo ya vitendo.

Walimu wa fizikia,
Morogoro