Shoga yangu, usiwape watoto matofali

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo haituachi. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na najua utanisema; nitayapokea yote siku tukionana. Kilichonishikisha kalamu leo ni karatasi zako za siku ya michezo ya shule, zile alizoniletea Kibwana. Nimezisoma mara mbili. Wazo la kuwaonyesha wazazi michezo ya Wagiriki wa kale badala ya kuvuta kamba ya kila mwaka ni zuri, sikufichi. Ila ukurasa wa tatu umeninyima usingizi. Umeandika kwamba wanafunzi "watakimbia kwa kasi, tofali mkono wa kulia na tofali mkono wa kushoto, kisha wataruka."

Neema! Tofali?

Ngoja. Nimalize kwanza haya madogo, maana hilo la tofali litakula karatasi.

Mbio za marathoni zitoe. Olympia ya kale, pale Wagiriki walipofanyia michezo yao mikuu, haikuwahi kuwa nazo. Zilibuniwa kwa ajili ya michezo ya Athens ya 1896, wazo la Mfaransa Michel Bréal, akazishinda mchota maji, Spyridon Louis. Mbio ndefu za Wagiriki wenyewe, doliko, hazikufika hata kilomita tano. Mwenge wa kupokezana kutoka Olympia nao ulianza 1936, Berlin. Athens walikuwa na mbio zao za mwenge, za sherehe za mji, na sharti lake lilikuwa kali: mwenge ukizimika mkononi, mmeshindwa, hata kama mko mbele. Hizo unaweza kuziweka ukipenda. Na medali tatu je? Medali ya dhahabu, ya fedha na ya shaba ni mambo ya kuanzia 1904. Olympia alikuwako mshindi mmoja tu. Wa pili alirudi kwao mikono mitupu, na washairi wao wanasema alipita vichochoroni ili asionekane.

Taji ndilo litakuwa rahisi kwako kuliko mtu yeyote. Lilikuwa la tawi la mzeituni mwitu, na huko Arusha ndugu yake mzeituni huo mnaye, ule Wamaasai wanaouita oloirien. Kule Olympia matawi yalikatwa kwa mundu wa dhahabu na mvulana ambaye baba na mama yake wote wawili wako hai. Mundu wa dhahabu sina wa kukuazima, lakini mvulana wa hivyo hutamkosa darasani.

Mstari wa kuanzia. Hapo umechora watoto wameinama, mikono chini, kama wakimbiaji wa siku hizi. Sivyo. Wagiriki walianza wamesimama, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imenyooshwa mbele. Chini palikuwa na mawe marefu yaliyochongwa vifereji viwili vinavyokwenda sambamba, umbali kati yake haufiki shubiri. Vidole vya mguu mmoja vilikaa kwenye kifereji cha mbele, vya mguu wa pili kwenye cha nyuma. Ndiyo maana miguu yao kwenye picha za vyungu inakaribiana hivyo. Baadaye wakaongeza kizuizi: kamba mbili zimekazwa mbele ya wakimbiaji wote, moja usawa wa goti, nyingine usawa wa kiuno, zimefungwa kwenye nguzo ambazo zikiachiwa zinabamizwa chini kwa nguvu ya kano zilizosokotwa. Pale Nemea, uwanja mwingine wa kale wa Wagiriki, walikiunda upya kizuizi hicho na kinafanya kazi. Wewe tumia kamba moja ya katani na walimu wawili, mmoja kila upande. Wakubaliane kwa hesabu, siyo kwa kutazamana, kwa sababu upande mmoja ukichelewa hata kidogo, watoto wa upande ule watanaswa miguu na kuanguka kifudifudi mbele ya wazazi wao. Anayewahi kabla ya ishara alichapwa fimbo, palepale, mtu mzima na mwili wake. Hili usiliigize.

Haya. Tofali.

Mruko ulikuwa sehemu ya michezo mitano, pamoja na kisahani, mkuki, mbio na mieleka, iliyoingia Olympia mwaka 708 KK. Walichoshika mikononi kiliitwa halteri. Kuna za jiwe na kuna za madini ya risasi, na nyingi zina umbo kama mkono wa simu ya mezani ya zamani: zimepinda, na katikati pana tundu au mbonyeo wa kupitisha vidole. Zilizofukuliwa zinaanzia kama kilo moja hadi kilo nne na nusu hivi. Akmatidas wa Sparta alimtolea Zeus, mungu wao mkuu, moja ya zile nzito kabisa. Sasa chukua tofali, Neema. Kona zake zinakata, halishikiki kwa vidole, uzito wake wote unaning'inia nje ya kiganja. Mtoto akilirusha nyuma linamponyoka, na nyuma yake wamepanga foleni wenzake. Umewahi kuona zana ya mchezo iliyobuniwa kumuumiza aliyesimama nyuma?

Na halteri hazikuwa za kumwongezea mrukaji taabu, kama ulivyoandika kwamba "zilipima nguvu." Zilimsaidia. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Minetti na Ardigò, walichapisha vipimo vyao: mruko wa mita 3 wa mtu aliyesimama unaongezeka sentimita 17 au zaidi akiwa na uzito unaofaa mikononi. Kazi yenyewe ni hii. Mrukaji anasimama, miguu pamoja, anapembeza mikono nyuma na mbele mara mbili tatu. Mpembezo wa mwisho wa mbele ukifika usawa wa mabega, hapohapo miguu inasukuma. Uzito ule unaokwenda mbele unamvuta naye. Hewani mikono inabaki mbele, magoti yanapanda. Karibu na kutua anaisukuma mikono chini na nyuma, kupita nyonga, na miguu inafyatuka mbele kujibu mvuto huo. Basi.

Inaharibika wapi? Kwenye kiwiko. Mtoto akikunja kiwiko, uzito unazunguka karibu na kifua chake na haumvuti popote. Mkono uwe umenyooka, upembezwe kutoka begani. Akirudisha mikono nyuma mapema, akiwa bado anapanda, anajiangusha mwenyewe. Akichelewa, anatua kwa makalio. Na mkono ukipita juu ya kichwa mgongo unapinda nyuma, hapo ndipo mtu anaumia kweli. Kuna wanaosema walikimbia hatua chache kabla ya kuruka. Mimi siko upande wao, kwa sababu uzito mkononi unaua mbio. Hata ungekuwa na halteri halisi kutoka jumba la makumbusho, hilo la "kukimbia kwa kasi" ningelifuta.

Tumia chupa za maji za nusu lita. Zijaze mchanga mkavu hadi juu, kaza kifuniko, kila moja itakuwa kama gramu 800. Zifunge kitambaa, vipande vya khanga kuukuu vinafaa, maana plastiki na jasho haviaminiki. Usizifunge kwenye mkono. Mtoto akianza kuanguka lazima aweze kuziachia. Siku mbili za kwanza waruke mikono mitupu, wajue mpembezo, ndipo uwape chupa.

Na chimba. Walikuwa na sehemu iliyokatuliwa kwa sururu hadi udongo ukalainika, ili nyayo zionekane. Mruko ambao haukuacha nyayo safi haukupimwa. Aliyetua ovyo hakuandikiwa kitu, hata kama ametua mbali. Sharti hilo lichukue kama lilivyo, litakuokoa na ubishi wa wazazi. Swali ni urefu wa shimo. Kuna shairi dogo la zamani linalosema Phayllos wa Kroton aliruka futi 55, zaidi ya mita 16. Huyo ni mtu wa kweli, alileta meli yake kwenye vita vya baharini vya Salamis mwaka 480 KK kupigana na Waajemi. Lakini mita 16! Mmarekani Mike Powell mwaka 1991 aliruka mita 8.95 kwa kukimbia, na hajapitwa. Wengine wanasema ni chumvi ya mshairi. Mimi nawafuata wanaosema ilikuwa miruko mitano mfululizo, kila mmoja unaanzia pale ulipotua uliotangulia, miguu pamoja. Mita 3 na ushee mara tano, hesabu inakaa. Kwa hiyo kwa watoto wako ukatue ukanda wa mita 10, usiwe shimo la mraba. Utaona pia kwa nini walihitaji muziki: miruko mitano bila mdundo inavunjika kwenye wa tatu.

Muziki wenyewe umeuita filimbi. Siyo filimbi, ni mianzi miwili inayopulizwa kwa pamoja, kila mmoja na ulimi wake wa tete. Sauti yake ni ya jamii ya zumari letu la pwani, kali, inayokwaruza. Pythokritos wa Sikyon alipigia michezo mitano ya Olympia mara sita, na sanamu yake ikasimamishwa pale. Mzee Shabani bado anapuliza. Nikimwomba anaweza kuja, ila nauli ni yako, na unamjua.

Kuhusu igizo la mwisho, mstari huu: "Wagiriki walicheza kwa uaminifu, hapakuwa na rushwa." Mh. Mwaka 388 KK Eupolos wa Thessalia aliwahonga mabondia watatu ili wamwachie ushindi. Wote wakatozwa faini, na kwa fedha hizo zikachongwa sanamu sita za shaba za Zeus, zikapangwa kwenye njia ya kuingilia uwanjani, ili kila mwanamichezo azipite akienda kushindana. Baadaye faini nyingine zikaongeza sanamu, na misingi yake ipo hadi leo, 16 kwa jumla. Mwaka 332 KK Mwathens Kallippos akawanunua wapinzani wake wa michezo mitano, hii hii yako, na mji wake ukagoma kulipa, ukatuma hadi msemaji hodari, Hypereides, akaombe faini ifutwe. Hawakufutiwa. Walilipa pale kuhani wa Delphi, kule walikokwenda kumuuliza mungu mambo yao, alipokataa kuwajibu lolote hadi deni liishe. Onyesho zuri zaidi ya hilo la uaminifu, au siyo? Mkuu wa shule awe mwamuzi, avae joho la zambarau, atakubali mwenyewe.

Na yule mama anayetupwa mlimani, mfute. Sheria ilikuwepo, ya kumtupa kutoka mlima Typaion mwanamke aliyeolewa akikutwa Olympia wakati wa michezo. Lakini aliyekamatwa ni mmoja tu, Kallipateira, aliyejigeuza kocha ili amwone mwanawe akipigana ngumi, na alipokimbilia uwanjani kwa furaha nguo zikamfunua. Akasamehewa, kwa heshima ya baba yake Diagoras, kaka zake na mwanawe, washindi wote. Kuanzia hapo makocha nao wakaamriwa kuingia uchi kama wanamichezo. Sema mapema kwa wazazi kwamba watoto watavaa kaptula. Nilivyowaona wale wa kikao cha mwaka jana, mtu akisoma mstari huo bila maelezo hamtalala.

Mkuki nitakuandikia kando, una mkanda wa ngozi unaozungushwa katikati ya fimbo na kitanzi cha vidole viwili, ukiachia unazunguka kama risasi. Kwa watoto usiuguse mwaka huu. Mieleka acha mafuta, paka mchanga kidogo, anayeangushwa mara tatu ameshindwa.

Sasa niambie: ni watoto wangapi, na wa darasa la ngapi? Uwanja wenu udongo ni ule mwekundu unaoganda mvua ikinyesha? Kama ndio, mna mchanga wa kuchanganya? Nani atapima, isiwe yule mwalimu wa hesabu tena? Mama Zuhura bado ana cherehani ya kushona joho? Kibwana kasema tarehe imesogezwa, ni kweli au ni yeye na habari zake? Na yale matofali, Neema, yameshapelekwa uwanjani? Nijibu kabla ya Ijumaa, Mzee Shabani anataka kujua kama afunge mzigo.

Msalimie sana shemeji.

Wako,
Mwajuma