Kwako uliyeondoka matangani bila kuaga

Mdogo wangu,

Simu hushiki, basi nakuandikia hapa.

Unawakumbuka wale wa chini ya migomba, upande wa mto, tuliokuwa tukiwaita minyoo? Ulimkata mmoja kwa jembe, Mama akakuzaba kofi.

Kumbe si minyoo. Ni jamaa ya chura, amfibia wasio na miguu, na wa aina ile wanaishi kwetu tu, kwenye vilima vya Taita. Mwaka 2006 Alexander Kupfer na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba mama yao akishataga hujizungusha kwenye mayai, na watoto wakitoka wanamla ngozi. Ngozi yenyewe huwa imenenepa kwa mafuta, imepauka, na watoto wana meno maalumu ya kuibambua. Wanamkwangua na yeye katulia tuli. Kwa wiki moja hupungua uzito kama asilimia 14. Kisha ngozi inaota nyingine, wanarudi.

Sasa niliposema mbele ya wajomba kwamba umemla Mama ngozi, sikuwa nakutukana. Hiyo ni sayansi. Wapo buibui kusini mwa Afrika wanaomla mama yao mpaka anakufa, sikukuita buibui.

Haya, nilikutukana. Lakini sababu unaijua. Siku ya tatu tangu Mama atoke hospitali, uliingia jikoni na begi la nguo chafu. Akainuka, yeye aliyeambiwa asiinuke, akakukaangia mayai. Ulipomaliza ukaomba nauli. Akafungua fundo la leso, zile pesa za dawa za presha, noti zimekunjwa ndogo ndogo. Ukazihesabu mbele yake. Ukasema, "Sasa hizi zitanifikisha wapi?" Naye akakuomba radhi. Mdogo wangu, akakuomba radhi!

Mimi nilikuwa pale pale nakata sukuma, sikufungua mdomo. Nilijiambia mgonjwa hatakiwi kusikia kelele. Na nani alibaki kumwogesha? Nani alilala kwenye kiti miezi minne? Kama niliongea kwa kuchelewa, angalau niliongea.

Najua utanijibu nini: ng'ombe wawili waliouzwa nikaenda chuo. Ni kweli. Ila mimi nilikuwa nimefaulu, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema wauzwe. Sikumwomba. Nilikaa tu mezani siku mbili sili, mpaka akasema.

Ile picha yako umevaa sweta yake iko ukutani, sijaitoa. Wewe ndiye uliyekuwa unamchekesha. Mimi nilikuwa namkumbusha dawa.

Mvua zimeanza. Upande wa mto haujalimwa, na msimamizi wa vibarua anataka hela nisiyo nayo. Uje na jembe lako. Pale penye migomba usichimbe, tutapalilia kwa mkono.

Dada yako