Barua kwa mwanangu: kwanza uliza nani atakufundisha

Mwanangu,

Salamu kutoka Kongwa. Sisi hatujambo, goti tu ndilo linamsumbua baba yako.

Juzi kwenye simu ulisema unataka kuiacha ile nafasi ya shahada ya uzamili Cape Town, kwa sababu kusoma maumbo ya protini ni kazi ya wenye mashine za mabilioni, na siku hizi kompyuta inabashiri kila kitu. Nilinyamaza kwa kuwa salio lilikuwa linaisha. Karatasi haina salio.

Nianze na damu, maana ndiyo ninayoijua. Kule maabara, akiletwa mtoto aliyevimba vidole, analia usiku kucha, nilikuwa natia tone la damu yake kwenye slaidi, nachanganya na dawa ya kunyonya oksijeni, nafunika kwa kioo chepesi, naziba pembeni kwa rangi ya kucha. Ile nyekundu uliyokuwa ukiitafuta nyumba nzima, sasa umejua ilikokuwa ikienda. Halafu unasubiri. Ukirudi kwenye hadubini, chembe zilizokuwa mviringo zimejikunja mundu. Kazi yangu iliishia hapo: naandika majibu, nampelekea daktari. Kwa nini zinajikunja, waliojibu ni watu wa fani yako. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kuwa kilichobadilika kwenye himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ni asidi amino moja, yaani kipande kimoja tu cha mnyororo wake. Max Perutz na wenzake wakalipata umbo la himoglobini kwa eksirei, na waliofuata wakaonyesha jinsi molekuli zenye kasoro hiyo zinavyoshikana zikawa nyuzi ndefu, zikaipinda chembe.

Leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo Dodoma jirani na chuo chako, inawapandikiza uloto watoto wa selimundu. Wagonjwa tunao, madaktari tunao. Wa kuichungulia protini yenyewe ndio wa kutafuta kwa tochi, nawe unataka kuwapunguza.

Habari za kompyuta usinitishie. AlphaFold, hiyo programu ya kubashiri maumbo ya protini, nimeisoma, waliotengeneza walipewa Nobel mwaka 2024, na mabashiri yake zaidi ya milioni 200 yako wazi hata kwako bwenini. Lakini ilijifunza kutokana na maumbo yaliyopimwa na watu, yaliyokusanywa kwenye hazina ya pamoja ya protini tangu 1971, ilipoanza na maumbo 7. Na kubashiri si kupima. Dawa inavyokaa ndani ya protini ya kimelea cha malaria, lazima mtu aende akaangalie.

Mashine ni ghali kweli, Afrika nzima haina sinkrotroni hata moja, ile mashine kubwa ya kutoa eksirei kali. Ila fuwele za protini hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, zikasafirishwa, na mwenye nazo akaongoza upimaji kwa kompyuta akiwa nchi nyingine. Mimi naona tunachokosa zaidi ni mtu wa kukaa naye akuonyeshe.

Angalia fani hii ya kupima maumbo kwa eksirei ilivyoenea. William Bragg, kule London, aliwapokea wanawake maabarani mwake, Kathleen Lonsdale akiwamo. Bernal, naye aliyepitia maabara hiyo, akamfundisha Dorothy Hodgkin, aliyepata Nobel mwaka 1964. R. W. James akatoka Manchester akaja Cape Town mwaka 1937, akamfundisha kijana aliyekulia Durban, Aaron Klug, naye akapata Nobel mwaka 1982. Amehama mwalimu mmoja tu! Ila nafasi aliyoipata Klug, enzi zile mtoto mweusi wa nchi ileile asingeipata kirahisi. Akili zilizopotea hapo hakuna aliyezihesabu.

Ndiyo maana sizipendi semina za siku tano zenye cheti, fulana na picha ya pamoja. Nimehudhuria nyingi. Unarudi kazini, kitendanishi hakuna, wa kumuuliza hakuna, mwezi wa pili umeshasahau. Bora mwaka mzima kwa mtu anayekusahihisha kila siku mpaka mnachokana.

Basi kabla hujakataa, mwandikie huyo msimamizi wa Cape Town. Muulize wanafunzi wake waliotangulia wako wapi sasa. Uliza posho inatoka kila mwezi au mpaka ubembeleze. Mtoto wa mkulima wa alizeti hasomi kwa kukopa nauli. Omba namba ya msichana aliyepitia maabara hiyo, umpigie, umuulize yale usiyoweza kumuuliza profesa. Wakianza kukuzungusha, achana nao, wala sitakulaumu.

Na wale wadogo zako wa mwaka wa kwanza wanaokuja kukuuliza kemia, wafungulie himoglobini kwenye kompyuta waizungushe wenyewe. Wakikuuliza kwa Kiswahili, wajibu kwa Kiswahili. Usingoje shahada ndipo uanze, maana hata ukipewa maabara kesho, utafanya kazi na nani?

Barua utakayomwandikia msimamizi nitumie niione kabla hujaituma. Kiingereza chako sitakigusa, nataka tu kuhakikisha umeuliza habari ya posho.

Mama yako