Turudishieni Darasa la Alhamisi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Wanafunzi wa Kigeni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUFUTWA KWA DARASA LA KIJAPANI CHA KAZINI

Salamu kwa heshima. Nakala ya Kijapani ya barua hii iko ofisini kwako tangu Jumatatu. Mwenzangu wa maabara, Mjapani, ndiye aliyeninyooshea maneno ya adabu. Hii ya Kiswahili naiweka wazi ili wadogo zangu wa Tanga na Mombasa wanaojaza fomu za kuja Japani waisome kabla ya kupanda ndege.

Nimesubiri karibu miaka miwili uitimize ahadi uliyotupa siku ya kutupokea. Wiki iliyopita subira ilikwisha. Kampuni moja ilinipigia nikiwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku, kiwandani tunakopanga chakula kwenye visanduku vya bento. Nikaitika "moshi moshi", kama kitabu cha mwanzo kilivyonifundisha. Aliyepiga akanyamaza. Kumbe simu ya kazi haipokelewi hivyo, unataja jina lako na kushukuru. Akaniuliza kama naweza kufika kesho yake, nikajibu "ryokai shimashita", yaani nimeelewa, neno ambalo mkubwa haambiwi. Nilitakiwa kusema "kashikomarimashita". Na kwenye usaili wenyewe nikaiita kampuni yao "heisha". Hilo ni neno la kuishusha kampuni yako mwenyewe mbele ya watu. Ya wenzako ni "onsha". Niliona nyuso zao zikibadilika, wala sikujua nimekosea nini mpaka nilipouliza maabara. Baada ya siku mbili nikapata barua ya kukataliwa.

Mheshimiwa, mimi si mvivu wa lugha. Cheti cha N2, ngazi ya pili kutoka juu ya mtihani wa Kijapani kwa wageni, ninacho, nimekisomea kwenye treni na kwenye mapumziko ya kiwandani. Lakini mtihani ule hauna hata swali moja la kuzungumza.

Siku ya kutupokea ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba hapa tutafundishwa Kijapani cha kutufikisha kazini. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, pamoja na tarehe. Na kweli, darasa likaanzishwa, Alhamisi jioni, chini ya mwalimu wa muda aliyekuwa amefanya kazi ofisini miaka mingi. Alitusimamisha mmoja mmoja tubishe hodi, tuiname, tuketi tu baada ya kuambiwa. Alitufundisha kupokea kadi ya jina kwa mikono miwili. Muhula mmoja tu. Aprili iliyofuata halikuwamo kwenye ratiba, na dirishani nikaambiwa kuwa waliojiandikisha walikuwa wachache. Tulikuwa wachache kwa sababu liliwekwa saa ile ile ya semina za maabara! Au labda mkataba wa mwalimu uliisha na fedha hazikupatikana. Hatukuelezwa, ndiyo maana tunakisia.

Tarehe 1 Oktoba mwenzangu mmoja aliingia maabara amevaa suti nyeusi. Nikamuuliza kama ametoka msibani. Akaniambia ametoka kwenye sherehe ya "naitei", kampuni imemthibitishia kazi ya kuanza Aprili. Nikajua siku hiyo kwamba makampuni hufungua milango tarehe 1 Machi, mwaka mzima kabla ya mtu kuhitimu, na usaili rasmi huanza Juni. Machi ile mimi nilikuwa nakesha na sampuli za udongo. Mheshimiwa, hilo nalo lilikuwa la kujigundulia?

Serikali yenu ilijiwekea lengo mwaka 2016 kwamba nusu ya wageni wanaohitimu wapate kazi hapa hapa, kutoka thelathini kwa mia. Mwaka 2023 ikasema inataka wanafunzi wa kigeni 400,000 ifikapo 2033. Watakuja, wadogo zangu wakiwamo. Watafundishwa na nani kupokea simu?

Mwezi ujao nahitimu. Visa ya kutafuta kazi ni miezi sita, huongezwa mara moja, basi. Mama yangu ananipigia kila Jumapili kuuliza kama nimeshapata, nami nimeanza kuiogopa Jumapili.

Sikuombi unitafutie kazi. Naomba darasa. Lirudi Aprili hii, liondolewe kwenye saa za semina, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waelezwe kuhusu Machi kabla Machi haijafika. Kama hoja ni uchache wa watu, nitazunguka bweni kwa bweni niwaandikishe. Nitakuja hata mimi nikiwa nimeshahitimu, mkiniruhusu kuketi nyuma.

Turudishieni darasa la Alhamisi.

Wako kwa heshima,
Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kutoka Tanga