Mazoezi ya kwaya Jumamosi: muda umebadilika

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa!

Jumamosi hii tunaanza saa 8:00 mchana, si saa 10:00, maana kanisani kuna ndoa. Tukutane chini ya mwembe, nyuma ya ukumbi.

1. Vijana wapya waje saa 7:00 wasome nota na mwalimu. Jumapili iliyopita binti yetu wa sauti ya pili alishika mstari wake peke yake, kinanda kimenyamaza. Nilisisimka! Wazoefu, kaeni karibu nao.

2. Mchango wa sare ni 15,000, mwisho Ijumaa, kwa mhazini. Aliyekwama anitafute faragha, tutasaidiana.

3. Sauti ya nne mmebaki watatu. Msikose, jamani.

Jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa 2:00 usiku.