Salamu za shukrani

Sisi watoto na wajukuu wa fundi cherehani wa Mbagala tunawashukuru ndugu, jamaa, majirani, waumini wenzake na mafundi wote mliosimama nasi kwa hali na mali tangu baba alipolazwa. Wengi mlichanga hata kabla ya kujua anaumwa nini, kwa hiyo ni haki yenu kuelezwa.

Baba aliharisha, akapona, akarudi kwenye cherehani. Wiki mbili hivi baadaye mguu ukashindwa kukanyaga. Ukafuata wa pili, kisha ganzi ikapanda hadi mikononi, mkasi ukawa unamdondoka. Zahanati ya kwanza ilisema ni uchovu. Mtaani wapo waliosema karogwa. Hospitali ya rufaa daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, miguu ikatulia tuli. Vipimo vya umeme wa mishipa ya fahamu na maji ya uti wa mgongo, yaliyokutwa na protini nyingi lakini seli chache, vikathibitisha: ugonjwa wa Guillain-Barré. Kingamwili, yaani askari wa mwili, zilizotoka kupigana na kijidudu cha tumbo zimeivamia mishipa yake mwenyewe. Hauambukizi, jamani. Njooni mumpe mkono.

Dawa yake ni imunoglobulini, yaani kingamwili za watu wengine, kwa dripu, gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito, kila siku kwa siku 5. Kwa kilo 60 za baba ni gramu 24 kwa siku, na bei ya chupa moja tu ilitutoa jasho. Tena inatakiwa ianze mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo. Miamala yenu ya usiku ule ndiyo iliyoiwahi. Nayo hutengenezwa kwa plazma ya maelfu ya wachangia damu. Hao nao, popote walipo, tunawashukuru.

Wauguzi, Mungu awalipe. Walikuwa wakimwambia avute pumzi moja ahesabu kwa sauti, wapime nguvu ya pumzi yake. Usiku alipokomea saba hawakungoja asubuhi, wakampeleka chumba cha mahututi, kwenye mashine ya kupumulia.

Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa kushikilia fremu. Nyayo bado zina ganzi, na daktari amesema mishipa hupona polepole, huenda ikachukua miezi mingi. Fedha iliyobaki inalipia mazoezi ya viungo. Hesabu yote iko kwa mweka hazina wa kamati, yeyote anakaribishwa kuikagua.

Wenye vitambaa vyenu, kijana wake anaendelea kushona. Nguo za sare ya harusi zimeshakamilika, zifuateni.