Mteule wa Mahakama ya Juu apigiwe kura, hata kama ni ya kumkataa

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu uteuzi wa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wengi husema kwamba vyama vyote viwili vina makosa yaleyale, kwamba Wademokrati walianza mwaka 1987 walipomkataa Robert Bork, mteule wa Rais Reagan wa Republican, na kwamba Warepublican walilipiza tu. Sikubaliani na hesabu hiyo.

Bork alikataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42, lakini alikataliwa baada ya kuhojiwa hadharani kwa siku kadhaa, akajibu, kisha kila seneta akaonyesha msimamo wake kwa kura. Katiba inampa rais haki ya kuteua na inaipa Seneti haki ya kuridhia au kutoridhia, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Miezi michache baadaye, Februari 1988, Seneti hiyohiyo iliyokuwa mikononi mwa Wademokrati ilimwidhinisha Anthony Kennedy, mteule wa Rais Reagan, kwa kura 97 bila hata moja ya kumpinga. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais, na mmoja wa waliompigia kura alikuwa seneta Mrepublican, Mitch McConnell.

Ninalitaja jina hilo kwa sababu ni McConnell huyohuyo, akiwa sasa kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi katika Seneti, aliyetangaza, siku ileile Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari 2016, kwamba kiti kile kisijazwe hadi wananchi wamchague rais mpya. Rais Obama alimteua Merrick Garland mwezi Machi. Garland hakukataliwa, hakusikilizwa kabisa. Hakuitwa mbele ya kamati, hakupigiwa kura, na uteuzi wake ukafa Januari 2017 baada ya siku 293.

Madhara yake hayakuishia kwa mtu mmoja. Mahakama ilibaki na majaji wanane, na mwezi Juni 2016 wakagawanyika nusu kwa nusu katika kesi ya mpango wa kuwakinga dhidi ya kufukuzwa mamilioni ya wahamiaji wasio na vibali, wengi wao wazazi wa raia wa Marekani. Kura zikiwa sawa, uamuzi wa mahakama ya chini husimama, na mpango ukabaki umezuiwa. Familia hizo zilipata jibu la mstari mmoja, bila maelezo ya jaji yeyote.

Kisha Jaji Ruth Bader Ginsburg alipofariki Septemba 2020, ile kanuni ya kuwasubiri wapiga kura ilisahaulika. Amy Coney Barrett, mteule wa Rais Trump wa Republican, aliidhinishwa kwa kura 52 dhidi ya 48, siku nane tu kabla ya uchaguzi, wakati mamilioni ya watu walikuwa wameshapiga kura ya mapema. Wademokrati nao wana lawama yao: ndio walioondoa mwaka 2013 hitaji la kura 60 kati ya 100 za kufunga mjadala, ili kura ya mwisho ipigwe, kwa majaji wa mahakama za chini, na Warepublican wakalifuta kwa Mahakama ya Juu mwaka 2017 ili Neil Gorsuch apite. Hata hivyo, kubadili idadi ya kura si sawa na kuifungia kura yenyewe kabatini.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2011 kuhusu uidhinishaji wa walioteuliwa inasema kwamba Bunge likinyamaza hadi muda uliowekwa upite, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa. Sidai Marekani ifike huko, kwa kuwa Katiba yao inataka ridhaa ya wazi. Ninachodai ni siku ya mwisho ya kupiga kura. Seneti hujitungia kanuni zake yenyewe, na ile iliyoweza kufuta hitaji la kura 60 kwa siku moja inaweza pia kujiwekea tarehe ambayo, ikifika, kila seneta atalazimika kusema ndiyo au hapana.

Msomaji wako,
Nakuru